Direktere Hakutaka Kuchorwa Ameketi

Nianze na ugomvi, maana bila ugomvi huo nisingekuwa na cha kusimulia. Mimi nilitaka kumchora ameketi. Yeye alitaka achorwe amesimama. Tulivutana hivyo miaka minne, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu, na hakuna aliyelegeza. Mtaa wetu wote wa Rwambuzi ulijua. Wamama waliopita na mabeseni ya ndizi kichwani walinipigia kelele, wakiniita dada mkubwa, "Yaya, alikubali?" Nikijibu bado, wanacheka na kuendelea na safari yao. Sikuwalaumu. Mtu mzima kumbembeleza mzee akae, jambo ambalo wazee wengine hulifanya bila kuombwa, ni kichekesho kweli.

Tulimwita Direktere. Huku Bunia mkuu wa shule ya msingi huitwa hivyo, na akishaitwa mara moja basi imekwisha. Atastaafu, atahama, shule yenyewe itaungua, yeye bado ni Direktere. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, kanisani, na aliyelisoma alilazimika kulirudia kwa sababu hakuna aliyegeuka, hata mwenyewe.

Mimi nachora wafu. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mtu akifa, jamaa zake huniletea picha yake ya karte, yaani kitambulisho, ile ndogo kama ukucha wa dole gumba, nami naikuza kwenye ubao wa triplex ili ikae mbele ya watu siku za matanga. Nalainisha mashavu, nanyoosha kola, nikiombwa naongeza tai. Lakini kuna kitu kilianza kunikera tangu nilipomchora baba yangu kwa njia hiyo hiyo. Mama aliitazama ile picha siku tatu, ya nne akaigeuzia ukutani.

"Uyu si bwana yangu," alisema. "Uyu ni mutu iko nangoja bamwite jina."

Alikuwa na haki. Picha za karte zote ni hivyo. Mtu amekaa mbele ya mashine ya serikali, kidevu juu, anamwogopa karani. Nimeujaza mji huu wafu wanaomwogopa karani. Ndipo nikaapa kwamba kabla mikono yangu haijaanza kutetemeka nitamchora mzee mmoja kwa macho yangu, akiwa hai, vile alivyo, na kila atakayeitazama atasema ni yeye. Bahati yangu, au balaa yangu, mzee niliyempata ni huyu mkaidi.

Darasa lake lilikuwa ng'ambo ya ua wangu, ndani ya kiwanja cha kanisa, chini ya bashi, yaani lile turubai jeupe wanalopewa watu waliokimbia makwao. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa familia zilizokimbia vijiji vya Djugu, na yeye mwenyewe alikuwa amekimbia. Shule yake ilikuwa mbele ya Iga Barrière, mwendo wa kutosha ndani ya mashamba. Alitembea siku tatu kuja mjini, na magoti yake hayakupona tena. Alifika Jumanne. Alhamisi alikuwa anafundisha.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alikusanya watoto waliokuwa wakichezea tope karibu na kanisa, akawapanga kwa urefu, akaanza na jedwali la kuzidisha. Mkubwa wa kanisa alipokuja kuuliza nani amemruhusu, Direktere alijiwekea kidole midomoni kumnyamazisha. Watoto walikuwa katikati ya imla. Yule mkubwa alisimama pale akingoja imla iishe, na ilipoisha akaombwa akusanye madaftari. Nadhani ruhusa ilitolewa hapo, sikumbuki kusikia nyingine.

Alitembelea rula. Si fimbo, rula, ile ndefu ya mbao ya kupigia mistari ubaoni, ndicho kitu pekee alichotoka nacho shuleni kwake. Kwa kuwa aliiegemea kila siku, ncha yake ililika kwenye mawe ya barabara. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo aliilaza mezani, akawaita watoto waipime. Mara ya mwisho ilikuwa hivi.

"Iko ngapi?"

"Nonante-quatre, Direktere!" Yaani tisini na nne.

"Na metre iko na ngapi?"

"Cent!"

"Basi nimetembea ngapi?"

Watoto wanapiga hesabu, wanajibu sita, naye anatikisa kichwa kwa furaha kubwa, kana kwamba sentimita sita ni safari ya Kisangani na kurudi. Mtu akimwambia anunue nyingine iliyo kamili, anakasirika. Alisema rula mbovu inayojulikana ubovu wake ni bora kuliko nzuri ambayo hujaipima.

Alikuwa na sheria nyingi, na nusu yazo alizivunja mwenyewe. Kutafuna darasani ni marufuku, lakini mfuko wake wa kushoto ulikuwa na karanga kutoka Januari mpaka Desemba, na akigeukia ubaoni taya lilifanya kazi. Somo la Kifaransa ni Kifaransa kitupu, lakini mtoto akikosea kitenzi kile kile mara tatu, maneno yaliyomtoka mzee hayakuwa ya Kifaransa. Alihubiri kuwahi, na kanisani alikuja wimbo wa pili umekwisha, akakaa nyuma karibu na mlango. Alituambia haogopi mtu yeyote chini ya jua. Hilo nalikubali, hakuogopa mtu. Aliogopa bata. Jirani yangu alikuwa na bata dume mmoja mwenye roho mbaya, na nimemwona Direktere, kwa magoti yale, akizunguka kiwanja kizima ili asikutane naye.

Kuna jambo moja hakulizungumza, nalo ni siku shule yake ya kijijini ilipoungua. Wageni walikuja na madaftari yao, vijana wa heshima, wakamwuliza aeleze alichokiona. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza wamekuja na madaftari mangapi matupu, maana haya ya watoto yamejaa. Walipoondoka nilimwambia pengine ingemsaidia kusema.

"Kusema kwa nani? Bale batasikia, bataandika, bataenda. Batoto babakie na miye bakiniangalia kama mutu mwenye kuhurumiwa. Mutu mwenye kuhurumiwa hafundishake kuzidisha."

Hapo niliona kidogo ni mtu wa namna gani, ingawa ilinichukua muda mrefu kuona yote.

Sasa nieleze alivyokaa, maana ndicho kilichonitia wazimu. Aliletewa kiti cha plastiki chenye mgongo na mikono, akampa mama mjamzito aliyekuwa amemsindikiza mtoto. Yeye alichukua benchi la wanafunzi, lile la chini, akaliweka mbele ya ubao. Kwa mtu mrefu kama yeye magoti yalipanda karibu na kifua. Hakuegemea popote. Shingo ilitangulia mbele, mishipa yake miwili imejichora hata kwa aliye mbali, na mikono ililala juu ya mapaja viganja vikitazama juu, imejaa vumbi la chaki ndani ya mikunjo. Alikaa kama mtu aliyeambiwa subiri kidogo, na hajaamini.

Mimi kazi yangu ya moyoni, si ile ya matanga, naifanya kwa makala, yaani makaa ya jikoni. Nakandamiza, nafuta kwa kidole, narudia juu ya mstari uliokosea bila kuufuta, mpaka karatasi ichoke. Wateja hawaipendi. Huniambia, "Umeharibu uso." Lakini ule mwili kwenye benchi lile la chini uliitaka mistari ya namna hiyo. Kila asubuhi niliuona kupitia ua wa matete, na kila asubuhi vidole viliniwasha.

Nilimwomba mara ya kwanza kwa adabu zote, nimevaa kitenge kipya.

"Weye unachoraka bantu benye balikufa," alisema. "Miye ningali na kazi."

"Ndiyo maana nataka kukuchora ukingali nayo, Direktere."

"Basi nichore nasimama."

"Lakini unakaaka."

"Nakaaka sababu ya magoti. Magoti si miye."

Nilijaribu kumweleza. Nikasema nikimchora amesimama nitachora uongo, nitamchora mtu ambaye sijamwona. Akasema niwaulize watu wa kijiji chake, wao wamemwona miaka thelathini amesimama, na shuleni kwake hapakuwa na kiti cha mwalimu katika darasa lolote. Alivitoa vyote mwaka wake wa kwanza. Walimu walinung'unika mpaka kwa mkaguzi, na mkaguzi alipokuja kuchunguza alikosa pa kukaa, akachunguza kwa dakika kumi na kuondoka.

"Mwalimu akikaa, batoto banajua asubui imeisha," alisema. "Akili yao inakaa naye."

Na hiyo sheria hakuivunja. Magoti yalimlazimisha kukaa, sawa, lakini kila somo lilianza naye amesimama. Hesabu, anainuka, anasema "Calcul", anakaa. Historia, anainuka, anasema "Histoire", anakaa. Mara tano au sita kila asubuhi, miaka yote hiyo. Hakuna somo lililoanza bila mwalimu kusimama, hata siku zile za mvua ambapo magoti yake yalivimba mpaka suruali ikabana.

Sasa nije kwenye kosa langu. Sikuwa na subira. Nilianza kumchora kwa kuiba, kupitia ua, kila siku kidogo, mpaka nikapata picha moja kubwa, ameketi, macho chini, viganja juu. Nilifurahi nayo mno. Niliisimamisha nje ukutani ili maji ya sukari niliyoinyunyizia yakauke na kushika makala yasipukutike. Pembeni yake zilikuwapo picha mbili za wafu zilizongoja wenyewe. Nikaenda zangu sokoni.

Mtu yeyote asiye wa hapa angesema ni picha tatu. Lakini mtaa mzima unajua kuwa kinachowekwa kwenye ukuta ule ni marehemu. Mama mmoja alipita, akaona ya kwanza, akaona ya pili, akaona Direktere. Akatua beseni chini na kupiga yowe. Binti wa Direktere, anayeishi naye, alitoka mbio akiwa na mikono ya unga. Mzee hakuwapo, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda ofisi za elimu katikati ya mji, na simu yake huizima akiingia ofisini kwa heshima ya ofisi. Binti akapiga, simu kimya. Akaitazama ile picha, akaanguka.

Niliporudi nilikuta matanga. Sikosei neno, matanga kamili. Viti vya kanisa vimepangwa, turubai limefungwa, moto umewashwa, maharage yako juu ya jiko, wamama wa kwaya wamekwisha kuanza wimbo wa pili. Nilijaribu kusema kuwa hakufa, na watu wakanishika mabega wakiniambia nilie tu, nisijizuie.

Alifika saa sita juu ya moto, yaani pikipiki. Dereva aliona umati, akasimamisha mbali.

"Muzee, siwezi kuingia. Kuko kilio apa."

"Nani alikufa?"

Mwanamke aliyekuwa karibu aligeuka kumjibu, akamwona. Alikimbia akaacha kiatu. Kelele zilizofuata sitazieleza. Direktere alishuka, akaingia polepole mpaka katikati ya viti, akatazama maharage, akatazama kwaya, akamtazama binti yake aliyekuwa ameshikwa na wanawake wawili. Akamshika kichwa binti yake kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Mukae," alisema. "Bote."

Watu zaidi ya themanini wakakaa. Akatoa kalamu, akaomba karatasi, akaanza kuita majina, mtu mmoja mmoja, naye kila mtu akajibu "Présent!" Watu wakaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Yule mwenye bata aliitwa mara mbili, hakuwapo, akaandikwa. Kwa majuma mengi baadaye Direktere alimsimamisha njiani na kumwuliza, "Siku nilikufa, ulikuwa wapi?" Nadhani ndiyo sababu bata alikuja kufungiwa.

Maharage yaliliwa. Jioni ile watu walirudi makwao wakiwa na furaha, lakini yeye alikuja kwangu akiwa hacheki.

Alisimama mbele ya ile picha. Niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia nitaichoma sasa hivi.

"Hapana choma. Umenichora muzuri. Bantu bote balijua ni miye. Njo kibaya yenyewe. Mutoto yangu alinilia mu iyi kikao. Hakuuliza. Aliniona nimekaa ivi, akaamini."

"Nisamehe, Direktere."

"Kama ungenichora nasimama, angesema iyi ni uongo, Papa iko mu kazi. Unaelewa?"

Nilielewa, na ilinichoma. Nilikuwa nimeapa kuchora mzee mmoja hai, na binti yake mwenyewe amemwona maiti. Niliigeuza picha ukutani kama mama alivyoigeuza ile ya baba. Sikuchora nyingine kwa muda. Lakini sikuacha kuomba, kwa sababu mimi nami si mwepesi, na nadhani yeye alipenda niombe. Pasaka niliomba. Mwaka mpya niliomba. Aliponijia na kanzu ya sherehe ya kufunga shule nimshonee kifungo, niliomba huku nimeishika kanzu. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nasimama, ao uache."

Nilijaribu hata hilo. Mara mbili alisimama nimchore, ameshika rula, kidevu juu, na mara zote mbili niliangalia nilichochora nikamwona mtu anayemwogopa karani. Nikazichana. Hakuniuliza kwa nini. Aliokota vipande, akawapa watoto wa mwaka wa kwanza waandikie upande wa nyuma.

Mwaka huu, likizo kubwa ilipoanza, habari zilikuja kwamba baadhi ya watu wa kijiji chake wamerudi kwenye mashamba. Walimtumia neno kuwa watoto wako na hakuna wa kuwafundisha. Hakuwauliza kama kuna usalama, wala kama kuna paa. Aliuliza watoto wangapi. Binti yake alilia siku mbili, akaja kwangu nimsemeshe babake, maana eti mimi ananisikiliza. Mimi! Nilimwambia kwa miaka minne ananikatalia kuchorwa ameketi sekunde kumi tu, nitamzuiaje asiende Djugu?

Aliondoka kweli, nisiwaweke roho juu, na mpaka leo ninapoandika yuko huko, anafundisha chini ya mabati yaliyookotwa. Ninayotaka kueleza ni asubuhi ya siku moja kabla hajaondoka.

Aliniita kupitia ua. "Kuya na karatasi. Mingi."

Nilimkuta peke yake chini ya bashi, darasa tupu, ameketi juu ya benchi lake. Nilibaki nimesimama na ubao wangu wa kuchorea kama mgeni.

"Umemuona mwalimu mupya?" aliniuliza.

Nilikuwa nimemwona. Kijana mzuri, ana shahada, alikuja siku ya kukabidhiwa darasa akavuta kiti cha plastiki kabla hajasalimia.

"Anajua mingi kunipita," alisema Direktere. "Lakini anakaa. Sitakuwa apa kumwambia. Nataka kitu ya kubandika apo nyuma, juu ya nguzo, mbele ya macho yake kila asubui. Batoto bataipatia mugongo, yeye ataniona miye."

"Umesimama, basi," nikasema, na moyo ukanishuka, maana nilijua itatoka nini.

"Ulijaribu. Ulipasula mara mbili. Unazani sikuelewa juu ya nini?"

"Basi nikuchore umekaa?"

"Hapana."

Akanitazama. Sasa kuna jambo sijalisema mpaka hapa, kwa sababu wakati ule hata sikujua kuwa ni jambo. Direktere alipoanza kuinuka, sisi sote tuliinamisha macho. Watoto walitazama madaftari. Mwenye kupita alitazama barabara. Mimi kwenye ua wangu nilichonga makala. Hakuna aliyetufundisha. Ilichukua muda mrefu kumwinua mzee yule kutoka kwenye benchi la chini namna ile, na haikuwa heshima kumtazama mkubwa wako akihangaika na mwili wake. Tukisikia ametamka "Calcul", ndipo tuliinua vichwa, naye yuko juu tayari. Miaka minne nimemwona amekaa na nimemwona amesimama. Katikati sikuwahi kuona.

"Munainamiaka chini," alisema. "Bote. Ata weye mwenye macho ya kazi."

"Ni heshima, Direktere."

"Najua ni heshima. Nimeshiba nayo. Leo uangalie."

Akaweka mikono magotini.

Niliangalia. Kwanza shingo ilikwenda mbele, mbali kuliko nilivyodhani shingo inaweza kwenda. Mgongo ukafuata, ukajikunja kama mtu anayetaka kuokota kitu. Viganja vikasukuma, viwiko vikafunguka nje, na makalio yakaachana na benchi kidogo tu, kipimo cha kiganja. Hapo akasimamisha. Hakupanda wala hakushuka. Miguu ilitetemeka mpaka suruali ikatetemeka. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya darasani.

"Un. Deux. Trois."

"Direktere, kaa!"

"Chora! Quatre."

Nilichora. Nilikandamiza mpaka makala yakavunjika, nikachora kwa vipande. Alipofika dix, yaani kumi, alikaa, akapumua, akafuta uso, akaweka mikono tena magotini. Akarudia. Sijui mara ngapi. Mimi nilikuwa nalia, naona aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa, na makala yakichanganyika na machozi ni tope tupu.

"Unalia juu ya nini?" aliniuliza akiwa pale katikati, anatetemeka. "Unanichora, ao unanililia?"

Nilifuta pua kwa mkono mweusi nikaendelea. Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, na niliogopa kwamba nitakosea mtu huyu kwa mara ya nne na hatakuwapo wa kuchorwa mara ya tano. Mstari wa mgongo niliupata. Viwiko nilivipata. Uso sikuuchora sana, ulikuwa umetazama mbele na hiyo ilitosha. Alikuwa ameketi bado, mtu yeyote angesema ameketi, benchi liko chini yake pale pale. Lakini hakuna mama wa kwaya ambaye angeleta maharage kwa ajili ya mtu yule.

Nikaacha. Nikamgeuzia ubao.

Alitazama kwa muda ambao sitausahau. Alisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. Akatoa karanga mfukoni, akatafuna moja bila kuificha.

"Six sur dix," alisema. Sita juu ya kumi.

Miaka minne! Nilitaka kumrushia makala. "Juu ya nini six?"

Akaelekeza kidole kwenye mguu wa kushoto, bila kuugusa ili asiupanguse. "Iyi goti umeipatia nguvu yenye haina. Ya kuume ni kweli. Ya kushoto haiko ivi, iko naingia ndani. Umenihurumia, ukainyoosha."

Nilitazama. Alikuwa na haki. Mkono wangu, uliozoea kunyoosha kola za wafu, ulikuwa umemnyooshea goti.

"Mwalimu mupya akiona iyi, atasema ilikuwa rahisi," alisema. "Toa ile huruma. Weka karatasi ingine."

"Umechoka, Direktere. Nitaisahihisha peke yangu, nimeshaona."

"Hujaona. Ungeona, ungepata dix."

Jua lilikuwa limekwisha kupanda, chini ya bashi joto lilianza kuwa kali, na binti yake alikuwa akituita tukanywe chai. Nikabandika karatasi nyingine. Nikachagua kipande cha makala kilichobaki kirefu, nikakaa chini ardhini ili goti la kushoto liwe mbele ya macho yangu. Aliningoja mpaka nikawa tayari.

"Un," akasema, na akaanza kuinuka.